Degedege likimshika mtoto, weka kijiko chini utazame saa

Mhariri,

Baridi ya Juni hadi Agosti ikiingia Nairobi, mafua na kikohozi huzunguka nyumba kwa nyumba, na homa za watoto hufuata. Msimu kama huu kuna watoto wanaofikishwa hospitalini degedege likiwa limekwisha zamani, lakini ufizi umepasuka, jino la mbele limeng'oka, au mapafu yameingiwa na maziwa, maji, hata mafuta ya taa. Degedege lenyewe lilichukua dakika mbili. Majeraha yametokana na mikono ya watu waliompenda mtoto na wakataka kumwokoa.

Sisi ni wauguzi, matabibu na madaktari tunaohudumia watoto hapa jijini. Tunakuomba nafasi, ndefu kidogo kuliko ya barua za kawaida, tueleze anachopaswa kufanya mzazi, nyanya, yaya au mlezi wa deikea katika dakika tano za kwanza. Dakika hizo daktari huwa hayupo. Huwakuta watu chumbani Kayole, deikea Mukuru, au ndani ya matatu iliyokwama Jogoo Road.

Degedege la homa huwapata watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, hasa wanaokaribia au kupita kidogo mwaka mmoja. Katika nchi nyingi zilizofanya hesabu hiyo, watoto kati ya 2 na 5 katika kila 100 hulipata angalau mara moja. Ubongo wa umri huo bado unakua, na joto la mwili likipanda, chembe za neva za baadhi ya watoto hufyatua ishara zake zote kwa pamoja. Mara nyingi katika ukoo huo kuna mzazi, mjomba au ndugu aliyewahi kushikwa utotoni. Homa yenyewe inaweza kuwa ya mafua, ya sikio, ya koo, ya mkojo, ya mapafu au ya malaria. Wakati mwingine degedege ndilo linalowafungua watu macho kwamba mtoto ana homa, kwa hiyo mama asijilaumu kwamba alichelewa kumpa dawa.

Mtoto hupoteza fahamu ghafla. Mwili unakakamaa, macho yanageuka juu, kisha mikono na miguu inaanza kurukaruka kwa mpigo. Anaweza kutoa povu na kujikojolea, na midomo ikawa ya kijivu au samawati kwa sababu misuli ya kifua imekaza na pumzi ni chache. Anayeliona kwa mara ya kwanza huamini mtoto anakata roho. Degedege la kawaida la homa haliui. Baada ya dakika moja hadi tatu misuli hulegea, pumzi hurudi, rangi hurudi, na mtoto hulala usingizi mzito au huamka akilia na kuduwaa.

Kuna mitetemeko mingine inayochanganya watu. Homa inapopanda kwa kasi mtoto anaweza kutetemeka kwa baridi hadi meno yagongane, lakini anakuona, analia, ukimwita anageuka. Huyo ana fahamu, na hilo si degedege. Yupo pia mtoto anayelia kwa hasira au maumivu, akabana pumzi, akabadilika rangi na kulegea kwa sekunde chache bila homa yoyote. Hilo nalo ni jambo jingine, ingawa linafaa kutajwa kliniki.

Degedege likianza, tazama saa. Soma dakika kwenye simu na uitaje kwa sauti ili aliye karibu naye aisikie. Tunalitanguliza hili kwa sababu hofu hurefusha muda: dakika moja na nusu husimuliwa kuwa robo saa, na tabibu anayempokea mtoto huamua matibabu kwa kufuata urefu ambao haukuwapo. Saa pia ndiyo itakayokuambia kama ungoje au uondoke.

Kisha mlaze mtoto ubavu, sakafuni au katikati ya kitanda, leso iliyokunjwa ikiwa chini ya shavu, mdomo ukielekea chini kidogo ili mate na matapishi yatoke nje. Nyumba nyingi za jiji hili ni chumba kimoja; jiko la makaa liko hatua moja kutoka kitandani na chupa ya chai iko mezani. Ondoa hivyo, au msogeze mtoto mbali navyo. Mfungue vifungo vya shingoni, mvue kofia na sweta la juu. Futa povu kwa nje ya midomo tu. Halafu kaa naye, kiganja chako kikiwa mgongoni mwake ili asigeuke kifudifudi. Usimkandamize ili atulie: misuli inayovuta kwa nguvu zote ikizuiwa, bega huweza kuteguka au mfupa ukavunjika.

Sasa kijiko. Watu hukiingiza kinywani kwa kuamini mtoto atameza ulimi. Ulimi umeshikiliwa na misuli na ngozi chini ya kinywa, haumezeki. Anaweza kuuma ulimi, utoke damu kidogo, na utapona kwa siku chache. Kijiko hupasua ufizi na kuvunja meno ya utotoni, na kipande cha jino kikivutwa kwenye njia ya hewa kinageuka kuwa hatari kubwa kuliko degedege. Tena kijiko kinausukuma ulimi nyuma, ukaziba koo lilelile mlilotaka kulifungua. Ukiingiza kidole, mtoto hukiuma kwa taya zilizokaza, nawe ukikichomoa kwa nguvu unang'oa meno. Taya zitaachia zenyewe.

Vilevile hakuna cha kupita mdomoni hadi mtoto awe macho kabisa na ameweza kumeza mate yake. Katazo hili linahusu maji, maziwa ya mama, sukari, asali, maji ya kitunguu, na hata parasetamoli ya maji. Mtoto asiye na fahamu hana kikohozi cha kulinda mapafu yake, kwa hiyo unachomimina kinashuka kifuani. Mafuta ya taa huunguza mapafu hata yakiwa kidogo. Kumnusisha soksi, kiatu au kiberiti kilichozimwa hakukomeshi chochote. Degedege lilikuwa linaelekea kuisha, likaisha soksi ikiwa puani, na soksi ikapata sifa ambayo jirani ataipeleka nyumba ya pili. Karai la maji baridi nalo tunaliombea liachwe. Maji baridi hubana mishipa ya ngozi, joto linabaki ndani, na mtoto anayerukaruka ndani ya maji anaweza kuzama mkononi mwako. Chale za wembe na moshi wa kufukiza humwongezea jeraha na kumnyima hewa.

Usimpulizie pumzi mdomoni wakati mwili bado unarukaruka. Ikiwa mitetemeko imekoma na kifua hakiinuki, hapo ndipo unapomlaza chali, unainua kidevu kidogo na kumpulizia huku mwenzako akitafuta msaada. Hali hiyo ni nadra.

Kama mko wawili, mmoja arekodi kwa simu sekunde 20 au 30: kwanza mwili mzima, kisha uso na macho. Video hiyo fupi humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa, kwa sababu anataka kujua kama mtetemeko ulikuwa wa pande zote mbili au wa mkono na mguu wa upande mmoja, na macho yalielekea wapi.

Mpaka wetu ni dakika 5. Degedege likifika hapo bila dalili ya kulegea, uwezekano wa kukoma lenyewe unapungua, na dawa za kulikomesha hufanya kazi vizuri zaidi zikitolewa mapema. Ondoka wakati huo. Usingoje kumaliza maombi, na usingoje baba arudi kutoka kazini. Piga 999, 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, lakini ukiwa na usafiri mlangoni usiuache kwa kungojea ambulansi. Nenda kituo cha karibu chenye uwezo wa kudunga sindano ya mshipa na kutoa oksijeni. Ukiwa Umoja au Kayole utaelekea hospitali ya Mama Lucy Kibaki; ukiwa Kibra, hospitali ya Mbagathi au Kenyatta. Zahanati ndogo iliyo wazi barabarani ni bora kuliko hospitali kubwa iliyo upande wa pili wa foleni, mradi wana diazepamu, dawa ya kulikomesha degedege.

Jinsi ya kumbeba ni jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mtoto mwenye degedege, au aliyetoka kwenye degedege na bado amelala, asifungwe mgongoni kwa leso. Kidevu chake huangukia kifuani, njia ya hewa hujikunja, na humwoni akitapika. Mbebe mbele, ubavu, uso wake ukiuona. Ndani ya matatu, alale ubavu mapajani pako. Bodaboda iwe njia ya mwisho, na mkienda nayo mtu mzima aliyemshika asiwe anashika pia simu na mfuko.

Degedege likiisha ndani ya dakika mbili na mtoto akaamka akicheka, bado mpeleke hospitalini siku hiyohiyo ikiwa ni mara yake ya kwanza. Mwongozo ambao wahudumu wa afya huutumia kwa watoto walio chini ya miaka 5 unaliweka degedege miongoni mwa dalili za hatari, pamoja na kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, na kulegea au kupoteza fahamu. Sababu ni kwamba degedege la kawaida la homa, malaria kali, homa ya uti wa mgongo na kushuka kwa sukari huanza kwa sura moja. Macho ya nyumbani hayawezi kuyatenganisha. Kipimo cha sukari huhitaji tone moja la damu na jibu hutoka kwa sekunde chache, na sukari iliyoshuka isiporudishwa haraka huharibu ubongo.

Kuhusu malaria: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maambukizi ya hapa mjini ni madogo. Mtoto aliyetoka kumwona nyanya Siaya, Busia, Homa Bay au Kilifi anakuja na hatari ya huko. Sema mtoto alisafiri, hata kama mlirudi wiki tatu zilizopita, kwa sababu vimelea huchukua wiki moja au zaidi kabla ya homa kutokea. Watafiti wa Kilifi wameonyesha kwa miaka mingi kwamba degedege la malaria ya kichwa, yaani iliyofika ubongoni, ni jambo zito kuliko la mafua: hurefuka, hujirudia, na baadhi ya watoto hubaki na kifafa au ugumu wa kujifunza.

Degedege tunaloliita la kawaida lina alama tatu: lilitikisa mwili mzima, halikufika dakika 15, na halikurudi ndani ya saa 24. Likikosa hata moja ya hizo, mtoto anahitaji kulazwa na kuchunguzwa zaidi. Aliye chini ya miezi 6 au aliyezidi miaka 5 naye asihesabiwe katika kundi hili. Rudi mbio, au usitoke hospitalini, ukiona shingo imekaza, utosi umevimba, mtoto ameshindwa kuamka vizuri saa moja baada ya degedege, anapumua kwa kasi, au ana madoadoa yasiyofifia ukiyabonyeza kwa bilauri ya kioo. Kwenye ngozi nyeusi madoadoa hayo tafuta viganjani, nyayoni na ndani ya kope.

Hapa tunawaomba wazazi jambo moja gumu. Daktari anaposema anataka kutoa maji ya uti wa mgongo, wengi hukataa kwa hofu kwamba mtoto atapooza. Sindano hiyo huingizwa sehemu ya chini ya mgongo, mahali ambapo uti wenyewe umeshaisha, ndani ya mfuko wa maji. Hutolewa matone machache. Ndiyo njia ya uhakika ya kujua kama mtoto ana homa ya uti wa mgongo, yaani ugonjwa ulioingia kwenye utando wa ubongo, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja mwenye ugonjwa huo anaweza asiwe na shingo iliyokaza hata kidogo. Chanjo zimeupunguza sana ugonjwa huu: ile ya Hib, kijidudu kimoja kinacholeta ugonjwa huu, ilianza kutolewa Kenya mwaka 2001 na ile ya nimonia mwaka 2011. Beba kijitabu cha kliniki ili daktari aone kama mtoto alizimaliza, kwa maana jibu hilo hubadilisha uamuzi wake.

Nalo duka la dawa linatuharibia kazi hapa. Mtoto ana homa, anauziwa viuavijasumu vya siku mbili, nusu chupa. Dawa hiyo haitoshi kuponya homa ya uti wa mgongo lakini inatosha kuficha dalili zake na kuwafanya vijidudu wasiote maabara. Mtoto anaonekana ana nafuu huku ugonjwa unaendelea ndani. Kama alishapewa dawa yoyote, hata mliyoazima kwa jirani, ileteni pamoja na chupa yake. Hakuna atakayewakemea, na akiwakemea mwambieni mnajali uhai wa mtoto.

Kwa wenzetu wa zahanati ndogo tuna neno fupi. Degedege lililokwisha halihitaji diazepamu. Dawa hiyo humlaza mtoto, hupunguza pumzi, na kutuzuia kujua kama usingizi wake ni wa ugonjwa. Linaloendelea baada ya dakika 5, mpeni kwa mshipa miligramu 0.3 kwa kila kilo, polepole kwa dakika moja, au kwa njia ya haja kubwa miligramu 0.5 kwa kila kilo kwa sirinji isiyo na sindano. Mtoto wa kilo 10 anapata miligramu 5, yaani mililita moja ya kile kichupa cha miligramu 10 ndani ya mililita 2. Shikilieni matako yabanane kwa muda ili dawa isirudi. Ya kudungwa kwenye msuli hufyonzwa kwa kusuasua, iacheni. Pimeni sukari, muwe na mfuko na barakoa ya kupumulia mkononi kabla ya kusukuma dawa, na baada ya dozi mbili msiongeze ya tatu; hamieni kwenye dawa inayofuata au mpelekeni mtoto mbele.

Kuna imani inayowachelewesha watu wengi, Pwani na hata bara, kwamba degedege ni la ndege au shetani aliyempitia mtoto usiku, na kwamba akidungwa sindano atakufa. Tunaielewa ilikotoka. Mtoto mwenye malaria ya kichwa akipelekwa kwanza kwa mganga, akafika hospitalini siku ya pili hana fahamu, akadungwa sindano na kufariki saa ileile, wanaobaki wanaikumbuka sindano. Wazee wanaoheshimiwa wakisema hadharani kwamba aliyewahishwa sindano alipona, watasikilizwa kuliko sisi.

Tuje kwenye homa yenyewe. Kiganja kwenye paji la uso hudanganya, hasa kiganja kilichotoka kufua kwa maji baridi. Kipimajoto cha kawaida huwekwa kwapani palipofutwa jasho, mkono ubanwe hadi kilie. Nyuzi 37.5 kwapani ni homa. Parasetamoli hutolewa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Dawa ya maji iliyozoeleka ina miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 anakunywa mililita 5, wa kilo 12 anakunywa 7.5, na wa kilo 16 anakunywa 10. Soma lebo kila mara, maana zipo chupa zenye nguvu mara mbili, na matone ya watoto wachanga huwa makali zaidi. Pima kwa sirinji. Kijiko cha chai cha nyumba moja hakilingani na cha nyumba ya pili, na tofauti hiyo ikirudiwa mara nne kwa siku ni kubwa. Angalia pia kama dawa ya mafua uliyonunua ina parasetamoli ndani yake. Ukitoa zote mbili, ini ndilo linaloumia. Aspirini asipewe mtoto kabisa, kwani huweza kuleta ugonjwa wa kuharibu ini na ubongo kwa wakati mmoja. Ibuprofeni asipewe anayeharisha, anayetapika au mwenye tetekuwanga.

Dawa ya homa humpunguzia mtoto maumivu ili anywe na alale. Haijaonyesha kuwa inamkinga na degedege kwenye homa zijazo, kwa hiyo hakuna haja ya kumwamsha usiku kucha kumnywesha. Kumfunika blanketi tatu ati atoke jasho kunazidisha joto. Nguo nyepesi moja, shuka, maziwa ya mama mara nyingi au maji kidogokidogo, hayo yanatosha. Msimkande kwa maji ya barafu, wala msiwashe jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi; moshi wake usioonekana huua familia nzima. Na msiseme ni meno. Meno huleta udenda na kero, lakini joto la nyuzi 38 na zaidi lina sababu nyingine inayotafutwa.

Swali ambalo kila mzazi huuliza ni kama litarudi na kama ni kifafa. Mtoto mmoja kati ya watatu hulipata tena, na kwa aliyeanza kabla ya kutimiza mwaka ni kama nusu. Wengi hurudiwa ndani ya mwaka wa kwanza, kisha hukoma wakikua. Kuhusu kifafa, Nelson na Ellenberg wa Marekani walichapisha mwaka 1976 matokeo ya watoto 1,706 waliopata degedege la homa na kufuatiliwa hadi umri wa miaka 7: waliopata kifafa walikuwa karibu 2 kati ya 100, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye kasoro za neva tangu mwanzo au degedege lisilo la kawaida. Kazi yao ya baadaye ililinganisha akili za watoto hao na za ndugu zao wa tumbo moja, na hapakuwa na tofauti. Kwa hiyo, baada ya degedege moja la kawaida, mtoto aliyeamka vizuri hahitaji picha ya ubongo wala kipimo cha umeme wa ubongo. Vipimo hivyo hugharimu mshahara wa mwezi na havibadilishi matibabu. Hahitaji pia fenobabitali, dawa ya kifafa, ya kila siku, ambayo humfanya mtukutu, humnyima usingizi na kumrudisha nyuma katika kujifunza. Ukiandikiwa, uliza kwa adabu ni kwa sababu ipi hasa, na una haki ya kutafuta daktari mwingine.

Kisha kuna chanjo ya surua na rubela, ya miezi 9 na miezi 18. Hii huweza kuleta homa wiki moja hadi siku 12 baadaye, na mara chache homa hiyo ikaleta degedege. Wapo wazazi wanaoiruka ya pili kwa sababu hiyo. Surua yenyewe huleta homa kali zaidi, degedege zaidi, nimonia na upofu. Mtoto aliyewahi kushikwa achanjwe kama wenzake, muuguzi ajulishwe, na nyumbani muwe macho katika wiki ya pili.

Kwa kaunti tunaomba walezi wa deikea wafundishwe haya kwa vitendo, kwa mdoli na leso, na wahudumu wa afya ya jamii waliokabidhiwa mikoba ya vifaa mwaka 2023 wayapitishe wanapobisha milango. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, watoto wengi wa mitaa yetu wako kwa mlezi mmoja mwenye watoto kumi na zaidi. Mlezi huyo akiogopa kulaumiwa, atanyamaza jioni na kukabidhi mtoto aliyelala kama kwamba siku ilipita salama, na hospitali haitafikiwa usiku huo. Mzazi amwambie waziwazi kwamba hatamlaumu, na kwamba ana ruhusa ya kuondoka na mtoto bila kungoja jibu la simu.

Amwachie pia karatasi moja: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, uzito, mililita za parasetamoli zinazolingana na uzito huo, namba mbili za simu, kituo cha kukimbilia, na noti ya nauli iliyobanwa kwa pini. Chini yake paandikwe "tazama saa, mlaze ubavu, usiweke kitu mdomoni, dakika 5 ondoka". Uzito na mililita virekebishwe kila mtoto anapopimwa kliniki.

Wauguzi, matabibu na madaktari wa watoto,
Nairobi